Lugha Isiyozimika

9 Januari 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye magoti yamempa nafasi ya kupumua. Huku kituoni tu wazima, ila mvua haitupi likizo. Chumba changu kinavuja pembeni ya kabati. Nimeweka sufuria, na nimeuzoea mlio wake kiasi kwamba ukinyamaza nashtuka. Mwambie mama sweta nimepokea. Mikono imezidi urefu, lakini baridi ya huku inaitaka hivyohivyo.

Bwana Penseli anakusalimu. Ndiye yule mzee wetu mpima maji, mwenye penseli sikioni. Kila asubuhi na kila jioni anashuka chini ya tuta la bwawa, anakinga chupa moja ya maji yanayovuja, anayakausha kwenye jiko la umeme, anapima udongo uliobaki na kuandika kwenye daftari. Kompyuta inaifanya kazi hiyohiyo kila dakika tano bila kulowa. Vijana wanamtania kwamba atastaafu bila kujua kompyuta ilishaajiriwa. Yeye anawajibu, "Nyinyi mnaamini kioo, mimi naamini matope."

Najua ukisikia neno bwawa unafikiria samaki, kwa hiyo nakukumbusha kwa nini tunahesabu udongo. Maji yakivuja yakiwa safi, ni maji tu. Yakivuja na udongo, huo umetoka ndani ya tuta, na mahali ulipotoka pamebaki tundu. Jumla ya udongo wote tangu tarehe mosi Novemba, maji yalipoanza kupanda, inatuambia tundu limefika wapi. Ikigusa tani thelathini tunatakiwa kufungua milango, kushusha maji na kuutahadharisha mji ulio chini yetu. Jumla hiyo inapigwa na programu niliyoiandika kwa Tulivu, lugha ya kompyuta uliyoitengeneza wewe.

Sasa nina jambo. Wakubwa wanataka vipimo kila dakika moja, na programu yangu inatumia dakika tatu kumaliza jumla. Sababu unaijua kuliko mimi. Tulivu haina mzunguko. Ili kurudia jambo, kazi lazima ijiite yenyewe: chukua kipimo cha juu kwenye orodha, kisha jiite ujumlishe vilivyobaki, na kila mwito unakaa ukisubiri jibu la mwenzake. Ni sawa na mtu kula kila tonge kwenye sahani mpya, na sahani zote chafu zikangoja mezani mpaka tonge la mwisho ndipo zioshwe. Ninataka kuongeza neno moja tu kwenye lugha: zunguka. Sahani iwe moja, ioshwe, itumike tena. Hakuna kitakachobadilishwa kwa siri. Kila raundi itapokea jumla yake na kuikabidhi raundi inayofuata, na jina likishapewa thamani litabaki nayo mpaka raundi iishe. Kwa nje itakuwa Tulivu ileile, kwa ndani mashine itarudi nyuma tu bila kurundika kitu.

Ukikataa, wataitupa Tulivu walete lugha ya dukani. Mimi sitaki. Nilijifunza Tulivu nikiwa na miaka kumi na miwili kwenye meza yako ya chakula, wewe ukinipangia vifuniko vya chupa. Nipe ruhusa, Mjomba.

Mpwa wako


28 Januari 1997

Mpwa wangu Mbishi,

Marahaba. Mama yako amesikiliza barua yako hadi mwisho na kutoa hukumu: sweta haina tatizo, wewe ndiye umekonda. Magoti yake ni yaleyale. Juzi amegombana na fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji mmoja akafungua miwili. Amemkalisha jikoni saa nzima akimfundisha kazi, na fundi ameondoka akimwita mama na kuahidi kurudi.

Ombi lako nimelisoma mara tatu. Jibu ni hapana, na usinune kabla hujafika chini ya ukurasa.

Lugha zenye mizunguko zimejaa kila kona. Ndani yake unaweka namba mahali, unageuka kuchukua chai, ukirudi namba si ileile. Tulivu niliitengeneza ili mtu akiandika kitu asubuhi akikute jioni. Unaniambia raundi zako zitakabidhiana kwa adabu, na mimi nakuamini. Siwaamini watakaokuja baada yako. Leo unaongeza neno moja kwa ajili ya kasi, kesho kijana mmoja wa kituoni kwenu ataongeza la pili kwa ajili ya uvivu.

Halafu fikiria hili. Kwa miaka kumi na minane Tulivu haijawahi kusimama katikati ya kazi. Zile lugha zenu za dukani zinaanguka kila wiki. Cheti changu cha heshima kimeandikwa hivyo, mama yako amekitundika sebuleni: Lugha Isiyozimika. Mwambie mkubwa wako anunue mashine yenye nguvu.

Na tafadhali, usikifungue kitafsiri, ile programu inayoigeuza Tulivu kuwa amri za mashine. Kuna sehemu mle niliandika kwa haraka. Ukiigusa utavunja vitu usivyovijua.

Mjomba wako


18 Februari 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mama amenitumia dawa ya kikohozi ilhali sikohoi, kwa hiyo najua ni mzima na ana wasiwasi kama kawaida. Mimi ni mzima, lakini nina hatia, na nitaisema mapema ili uanze kukasirika mapema.

Nimeongeza zunguka.

Sikugusa ulichoandika. Nimeweka sehemu yangu kando, kitafsiri kikikutana na neno hilo kinakuja kwangu, kisipokutana nalo kinaendelea na njia yako. Programu iliyokuwa inachukua dakika tatu sasa inachukua sekunde kumi na moja. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Bwana Penseli akaja kuangalia nina nini. Nilitaka kukuandikia siku hiyohiyo nikuambie tazama, Tulivu yako inakimbia.

Ila majibu hayalingani. Programu ya zamani inasema udongo uliotoka ni tani tisa. Yenye mzunguko inasema ishirini na sita. Orodha ni ileile, vipimo ni vilevile. Mkuu wa kituo ameziweka karatasi mbili mezani, moja huku na moja kule, akaniambia, "Mhandisi, hapa nina namba mbili na bwawa moja. Niende na ipi?"

Ikiwa ni tisa, tuendelee na kazi. Ikiwa ni ishirini na sita, zimebaki tani nne tu tufungue milango, na watu wa mjini chini waanze kufunga mizigo. Amenipa mwezi mmoja.

Nimeambatanisha kurasa zote kumi na moja. Uniseme baadaye. Kwanza nitafutie kosa langu.

Mpwa wako


5 Machi 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa nyumbani habari ni nyingi. Mama yako amepaka rangi jikoni, kijani ambayo sijui aliipata wapi, na sasa sote tukila tunaonekana wagonjwa. Fundi bomba amerudi kama alivyoahidi, safari hii akafunga mifereji yote mitatu. Mbuzi wa jirani ameingia bustanini mara mbili. Mara ya kwanza alikula mchicha, mara ya pili alikula kamba ya kuanikia nguo na nguo zenyewe zikabaki matopeni. Jirani amekuja kuomba radhi, mama yako akakataa radhi akadai kamba. Daktari wa macho anasema miwani yangu ibadilishwe. Redio yetu inashika stesheni moja tu.

Kurasa zako nimeziona. Umeandika vizuri, mkono wako umekomaa. Lakini mzunguko wako unahesabu baadhi ya vipimo mara mbili. Ndilo kosa nililoliogopa tangu mwanzo. Uondoe, mrudi kwenye programu ya zamani.

Kama wakubwa wako wanataka neno la aliyeitengeneza Tulivu, waonyeshe barua hii.

Mjomba wako


12 Machi 1997

Mpwa wangu,

Hii sijamsomea mama yako, na salamu zake humu sizitii.

Mzunguko wako hauna kosa. Niliziona kurasa zako siku ya kwanza nikajua hauna kosa. Kosa ni langu, nami nilikuandikia uongo.

Mwaka wa kwanza wa Tulivu walikuja wageni wa wizara chuoni kuiona. Nilisimama mbele yao na suti ya kuazima. Orodha niliyowawekea ilikuwa ndefu, sahani zikajaa meza, ukiniruhusu kutumia mfano wako, na mashine ikasimama ikatoa mstari mmoja wa alama zisizosomeka. Mgeni mmoja akasema, "Naona lugha imechoka." Wote wakacheka, na wanafunzi wangu nao wakacheka. Wiki hiyo niliingia kwenye kitafsiri nikaandika kwamba kazi ikijiita mara elfu kumi, isijiite tena. Irudishe sifuri, iendelee kana kwamba orodha imekwisha. Isimame kimya. Wakati ule hapakuwa na mashine inayobeba orodha ya elfu kumi nje ya maonyesho, na nilijiambia nitaiondoa baada ya muhula. Wageni walirudi, haikuzimika, wakapiga makofi. Baadaye kikaja cheti. Baada ya cheti sikujua ningeanzia wapi kusema.

Orodha yako ina kipimo kipya juu na cha zamani chini. Kwa hiyo programu inajumlisha vipimo elfu kumi vya karibuni, na vyote vya kabla ya hapo inavihesabu si kitu. Kwa dakika tano tano hizo ni siku thelathini na nne na ushee. Mnautazama udongo wa mwezi mmoja mkidhani ni wa msimu mzima. Ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka: namba inapanda na kushuka kama namba ya kweli.

Ishirini na sita yako ni ya kweli. Leo pengine mmeshagusa thelathini. Mwonyeshe Mkuu barua hii, atupe ile ya tarehe 5, mfungue milango. Kila siku ina maana.

Najua nitakuwa nani machoni pako ukimaliza kusoma. Kesho asubuhi naipeleka posta mwenyewe.

Mjomba wako


25 Machi 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mama amepata kamba yake na mbuzi amepata adabu. Barua yako ya tarehe 5 niliipata, na tangu hapo sijapata nyingine, kwa hiyo nadhani umenikasirikia kweli.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpelekea Mkuu barua yako kwa mkono wangu, akaisoma akiwa amesimama, akaifunga kwenye faili akasema, "Mwenye lugha amesema." Mzunguko nimeuondoa. Disketi yake Mkuu ameifungia kabatini. Mimi nimeondolewa kwenye hesabu, sasa nakagua taa za njia za chini na grisi ya milango. Vijana wananiita Mara Mbili. Nikiomba chai wananiletea vikombe viwili. Nacheka nao, Mjomba, ila nikifika chumbani kwangu silali vizuri.

Programu ya zamani inasema tani kumi na mbili. Kila mtu ametulia isipokuwa Bwana Penseli. Juzi aliniita kwenye mizani akanionyesha udongo wa chupa moja, mwekundu, umejaa kisahani. "Mhandisi," akaniambia, "Desemba kisahani hiki kilikuwa hakijai robo. Hao wanaosema kumi na mbili wanapima bwawa gani?" Nikamwambia mashine haikosei, niliyekosea ni mimi, na aliyeniambia ndiye aliyeitengeneza. Alinitazama kwa huruma. Sikupenda kutazamwa hivyo.

Nimepitia kurasa zangu kumi na moja mpaka nazijua kwa moyo. Sioni pa mara mbili. Nimepanga vifuniko vya chupa sakafuni kama ulivyonifundisha, nikazunguka raundi moja moja kwa mkono, kila kifuniko nakigusa mara moja. Naanza kudhani akili yangu ina kasoro ambayo mimi mwenyewe siwezi kuiona, na hilo linanitisha kuliko bwawa.

Sikuombi uniruhusu kitu. Niandikie namba ya mstari tu. Mstari upi unahesabu mara mbili?

Mpwa wako


5 Aprili 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anaendelea vizuri, anakusalimu sana. Anauliza kama unakula.

Usijitese. Kila mtu wa kazi hii amewahi kukosea, na akili yako haina kasoro yoyote, hilo nakuhakikishia. Kuhusu mstari ulioniuliza, nitakuandikia nikitulia. Macho yananisumbua, miwani mipya haijaja.

Mzee wako wa penseli anaonekana mtu makini. Msikilize.

Mjomba wako


23 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo, kwa kuwa mama hakunilea niache kukuamkia.

Jana nimepokea barua yako ya tarehe 12 Machi. Muhuri wa posta ni wa tarehe 12 Aprili. Nyuma ya bahasha kuna mwandiko wa mama: "Nimeikuta kwenye droo ya nyuzi nikitafuta sindano. Ina jina lako na stempu. Nimeituma. Kwa nini ilikuwa kwenye nyuzi?" Sijui amejua nini. Mwambie wewe.

Sasa nikupe habari za huku, maana barua yako ilipofika haikunikuta na swali.

Tarehe 6 Bwana Penseli alileta madaftari yake yote ofisini, akayaweka juu ya meza yangu ya grisi, akaniambia tujumlishe. Chupa mbili kwa siku, siku mia moja hamsini na saba. Tulianza baada ya chai ya asubuhi, tukamaliza mchana. Yeye alisoma, mimi nilizidisha kila chupa kwa wingi wa maji yaliyovuja, nikajumlisha. Ilitoka tani thelathini na tisa. Chupa mbili kwa siku haziwezi kuwa sahihi kabisa, nikamwambia inaweza kupotea tani tano huku au tano kule. Akasema, "Sawa, toa tano. Toa na nyingine tano kwa ajili ya uzee wangu. Bado hufiki kumi na tatu." Siku hiyo mashine ilikuwa inasema kumi na tatu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya Februari kama lugha ingekuwa ya mtu mwingine. Niliandika orodha ya moja moja, yaani namba moja imeandikwa mara ishirini elfu, nikaiambia Tulivu ijumlishe. Mtoto wa shule angejua jibu. Ikaniletea elfu kumi. Elfu kumi kamili, bila kosa, bila onyo, upesi kabisa. Nikaandika thelathini elfu. Elfu kumi. Nilitafuta kosa kwenye waya, kwenye vipimo, kwenye disketi, kwenye kichwa changu, nikatafuta kila mahali isipokuwa kwako. Haikunijia hata mara moja, Mjomba. Unaelewa ninachosema? Haikunijia.

Mkuu aliiona orodha ya moja moja kwa macho yake. Hakunigombeza. Alikwenda kabatini, akanirudishia disketi, mzunguko ukasema arubaini na moja, na jioni hiyohiyo akapiga simu mjini. Tarehe 7 alfajiri milango ilifunguliwa. Watu wa mtaa wa chini walihamishwa wote, na hakuna nyumba iliyoingiwa na maji. Lakini bwawa si ndoo. Lilishuka shubiri moja kwa siku, basi.

Tarehe 9 asubuhi Bwana Penseli alishuka na chupa yake. Tulikuwa tumekataza watu kwenda chini. Alimwambia mlinzi kwamba sasa ndipo namba inahitajika kuliko siku zote, na kweli ilihitajika, mimi mwenyewe nilikuwa nimesema mbele yake kwamba natamani ningejua udongo wa leo. Upande wa kushoto wa tuta uliteremka ukamfunika pale kwenye mfereji wa kupimia. Tulimpata baada ya siku mbili.

Leo asubuhi mke wake alikuja kuchukua vitu vyake: miwani, koti, madaftari. Aliniuliza kama tatizo la tuta lilijulikana mapema. Nikamwambia lilijulikana. Akauliza na nani. Nikamwambia na mjomba wangu. Alifunga miwani kwenye leso, akaniaga kwa heshima, akaondoka.

Nimepiga hesabu nyingine, na hii sikuhitaji mashine. Barua yako inachukua siku kumi. Ingeondoka tarehe 13 Machi ingenifikia tarehe 23, na milango ingefunguliwa tarehe 24. Siku kumi na nne. Shubiri kumi na nne za maji zisingekuwa zinalisukuma tuta asubuhi ile. Wahandisi wa makao makuu wanasema kwa kina hicho upande wa kushoto pengine ungesimama. Wamesema pengine. Nakuandikia neno lao kama lilivyo, sitaki kukuongezea wala kukupunguzia.

Barua yako ya tarehe 5 Aprili nayo ilifika, siku nne baada ya mazishi. Uliniambia nimsikilize.

Nimekukasirikia, Mjomba, na nimeumia. Hasira nitaizoea. Kinachonikaa rohoni ni zile wiki ulizoniacha niamini kwamba akili yangu ni mbovu, ukijua kwamba si mbovu. Ulisoma jinsi nilivyopanga vifuniko sakafuni, ukaniandikia habari za miwani.

Nina mambo mawili, na mpaka uyafanye usiniandikie salamu.

La kwanza, Tulivu haiko hapa tu. Unayo orodha ya kila ofisi uliyoipa. Kila moja ijue, kwa jina lako na mwandiko wako.

La pili, nimeingia kwenye kitafsiri. Sifuri yako nimeifuta, na mzunguko umeingia rasmi. Lakini wapo watakaoendelea kuandika kwa njia ya zamani, na orodha zao zitajaa meza. Zikijaa, mashine sasa itasimama, na itasema kwa maneno ya mtu. Nimeiacha nafasi ya maneno hayo wazi. Sitayaandika mimi. Yaandike wewe.

Mpwa wako


30 Mei 1997

Mpwa wangu,

Umesema nisikuandikie salamu. Nitakuambia tu kwamba mama yako anajua. Nilimsomea barua yako yote bila kuruka, na ile yangu ya kwenye droo. Tangu siku hiyo anazungumza nami kupitia paka. Anamwambia paka, "Mwambie huyo chakula kiko mezani," kisha anakwenda kula jikoni. Cheti amekishusha. Sikumwuliza amekiweka wapi.

Unastahili kujua kuhusu posta. Tarehe 13 Machi nilikwenda kweli. Mbele yangu walikuwepo watu wanne. Nilisimama kwenye foleni na barua mkononi, nikafika dirishani, nikanunua stempu, nikaibandika, nikarudi nayo nyumbani. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Nimejaribu kutafuta sababu kubwa zaidi ya kukuandikia, sina. Kila asubuhi nilisema kesho. Barua yako ya vifuniko ilipofika niliisoma nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye ile droo.

Ofisi ni kumi na saba. Zote nimeziandikia, kila moja barua yake, na nimeeleza nilifanya nini, mwaka gani na kwa nini. Mama yako amezipeleka posta yeye mwenyewe, hakuniachia hata moja. Tatu zimeshajibu. Reli wanasema orodha zao ni fupi. Chuo wanataka nirudishe heshima waliyonipa, nimekubali. Bohari ya dawa wanasema wana orodha ndefu za miaka sita, hawajui zimewadanganya mara ngapi, na wameanza kuhesabu upya kwa mikono. Ningependa kukuambia nalala.

Mjane wa Bwana Penseli sijamwandikia. Nimeona si jambo la kuandika. Nikiruhusiwa nitakuja nisimame mbele yake, na asipotaka kuniona nitasimama nje. Tafadhali muulize yeye kwanza.

Na maneno uliyoniachia nafasi. Yamenichukua siku nane. Mwanzo niliandika: orodha ni ndefu mno. Nikafuta, kwa sababu inailaumu orodha. Nikaandika: tafadhali punguza vipimo. Nikafuta, hiyo inamtuma mtu akafanye kwa mkono wake kosa nililolifanya mimi. Nikaandika samahani, nayo nikaifuta, maana mashine haina la kuombea radhi.

Weka haya. Usiyarekebishe, hata kama ni marefu kuliko nafasi uliyoiacha.

Sikufika mwisho wa orodha, na ninajua kwamba sikufika. Jibu hili si la kweli. Usilitumie.

Mjomba wako